Mwalimu, biti inameza maneno yangu

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 24, niko Morogoro. Huu ni mwaka wa nne naghani mashairi jukwaani, haya ya sasa yasiyo na vina wala mizani. Nikisimama na maiki peke yake, watu hunyamaza hadi mwisho. Mwezi uliopita prodyuza mmoja alinialika tufanye kolabo, tukarekodi shairi langu la mama juu ya biti yake. Nikisikiliza sijitambui. Nakimbia, napaza sauti, maneno yanamezwa. Yeye anasema nijifunze kuchana kama rapa, la sivyo niachane na muziki. Marafiki wanasema bila muziki sitakula. Je, nibadilike? Waliotoka kwenye ushairi wakaingia kwenye muziki walipitaje? Na je, nihamie Dar? Nimekutumia rekodi na beti ya kwanza.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Rekodi yako nimeisikiliza mara tatu. Mara ya pili nilikuwa ndani ya daladala, kwa makusudi, kwa sababu huko ndiko wimbo unakopimwa. Neno "kikohozi" sikulisikia. Nilisikia "ki" na "zi", katikati pakawa pamejaa visahani vya ngoma vya prodyuza wako vinavyotikisika kama njugu kwenye kopo. Na mimi naona shairi lako lote limekaa kwenye kikohozi hicho. Neno moja limepotea na kilichobaki ni binti anayeongea haraka juu ya ngoma nzuri.

Kwa hiyo nianze na jibu fupi. Usigeuke rapa kwa sababu umeambiwa. Rapa ana ufundi wake, wa miaka, na wewe hujaomba ufundi huo. Muziki nao usiukimbie. Kosa lenu wawili ni moja tu, nalo ni kwamba mlikutana mmechelewa. Yeye alikuja na biti iliyokwisha, wewe ukaja na shairi lililokwisha, mkabandika hili juu ya lile kama bango juu ya bango. Hakuna aliyemsikiliza mwenzake kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Sasa njoo kwenye beti yako, maana umesema haina mizani na mimi sikuamini. Niiweke hapa:

Mama anaamka saa kumi, mtaa mzima umelala,
anawasha jiko la mkaa lililovunjika mguu mmoja,
na mimi nasikia kikohozi chake kikipita ukutani
kama mtu anayebisha hodi na kuogopa kufunguliwa.

Chukua kalamu uhesabu silabi kwa vidole, kama tulivyofundishwa. Mstari wa kwanza una 21. Wa pili 22. Wa tatu 21. Wa nne 21. Hukukusudia, najua. Lakini mtu "asiye na mizani" haangukii 21 mara tatu katika mistari minne kwa bahati. Sikio lako limelelewa na kitu: labda kaswida, labda kwaya, labda misemo ya kanga za bibi, labda mashairi ya redioni yaliyokuwa yanaimbwa jioni. Tazama pia mstari wa tatu unavyokatika. Baada ya "kikohozi chake" unavuta pumzi, kisha inabaki "kikipita ukutani", silabi nane kamili. Hicho ni kipande halali cha shairi la kawaida, lile la mizani 16, nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mstari, na nane utao, nusu ya pili. Umekibeba bila kujua, na naamini ndicho kinachowanyamazisha watu wako.

Halafu kuna mstari wa pili wenye silabi moja ya ziada. Ndio mstari wa jiko lililovunjika mguu. Mstari wenyewe unachechemea. Usiuguse!

Mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake, Kichomi, mwaka 1974, kulizuka ubishi mkubwa kama mashairi yasiyofuata vina na mizani ni mashairi au ni nathari iliyokatwakatwa. Ubishi ule ulizaa maneno mengi makali, lakini ulituachia somo moja ambalo wasanii wengi wa jukwaani hawalijui: kuachana na urari wa vina na mizani si kuachana na mwendo. Shairi huru lina mwendo wake, ila halikutangazii. Kazi yako ni kuujua mwendo huo kabla mtu mwingine hajakuwekea wa kwake.

Tuipime biti. Nimegonga kidole mezani na saa mkononi, inakwenda kama mapigo 100 kwa dakika. Mapigo manne, yaani baa moja, yanakula sekunde 2.4. Prodyuza wako amekupangia mstari mmoja kwa kila baa. Silabi 21 ndani ya sekunde 2.4 ni karibu tisa kwa sekunde. Mtu akiongea kwa kawaida hutoa tano, sita. Kwa hiyo hukuwa unakimbia kwa woga. Ulikuwa unakimbizwa na hesabu. Ukipewa baa mbili kwa mstari mmoja unapata sekunde 4.8, silabi nne na ushee kwa sekunde, na pumzi inabaki. Mkishusha biti hadi 80, unapata sekunde sita kwa mstari. Hapo hata kikohozi chenyewe kinapata mahali pa kukaa, na kimya baada yake. Mwambie hivyo, kwa namba. Prodyuza wengi ni watu wa namba. Ukimwambia "sijisikii vizuri" hana la kufanya, ukimwambia "nipe baa mbili" anakuelewa papo hapo.

Umeuliza walipitaje waliotangulia. Wapo wengi, lakini nataka nikupe mmoja na nikae naye, kwa sababu tatizo lako alilitatua miaka mingi iliyopita, na kwa lugha ya nyumbani kwao. Anaitwa Linton Kwesi Johnson, mshairi anayeghani juu ya muziki wa rege. Alizaliwa Jamaika mwaka 1952, kijiji cha Chapelton. Utotoni alilelewa na bibi yake, mwanamke asiyejua kusoma, naye mtoto ndiye aliyekuwa akimsomea Biblia. Zaburi na Mithali, kwa sauti, kwa mtu mmoja anayesikiliza. Hilo lilikuwa jukwaa lake la kwanza. Mwaka 1963 akamfuata mama yake London, mtaa wa Brixton. Alipokuwa bado mwanafunzi alijiunga na vijana wa Black Panther wa Uingereza, kundi la kutetea haki za watu weusi, na huko ndiko alikokutana na vitabu vya waandishi weusi ambavyo shuleni hakuwahi kuonyeshwa.

Sasa angalia mpangilio wa miaka, ndio ninaotaka uushike. Mwanzoni mwa miaka ya 70 alikuwa anaghani na kundi la washairi na wapiga ngoma lililoitwa Rasta Love. Ngoma za mkono na sauti. Mwaka 1974 akatoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi. Mwaka 1975 cha pili, Dread Beat an' Blood. Albamu ya jina hilohilo haikutoka hadi 1978. Maana yake, miaka kadhaa alikuwa anasikia shairi lake likigongana na ngoma, linashindwa, linarudi, kabla hajaingia studio na bendi. Wewe una miaka minne ya maiki peke yake, ambayo ni hazina, lakini miaka yako ya kuwa na ngoma ubavuni ni sifuri. Hilo si tusi. Ni hatua uliyoiruka.

Johnson amewahi kueleza kwamba anapoandika huwa ana mstari wa besi nyuma ya kichwa. Hasubiri muziki uje umtafutie mwendo. Mwendo wa besi ya rege umo ndani ya maneno tangu karatasini. Na kwa kuwa aliandika kwa Kiingereza cha Jamaika, kile cha sokoni na cha nyumbani, lugha yenyewe ilikuwa na mdundo ambao Kiingereza cha vitabu hakina. Kwa hiyo alipofika kwa Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados, prodyuza na mpiga gitaa wa bendi ya Matumbi, hakuja mikono mitupu. Bovell alikuta shairi ambalo tayari lina besi, akalijengea nyumba. Wamefanya kazi pamoja kwa miongo: Forces of Victory mwaka 1979, Bass Culture mwaka 1980, Making History mwaka 1984, na nyingine baadaye. Kolabo moja iliyokomaa imempa zaidi ya kolabo hamsini za kubahatisha.

Kwenye Forces of Victory kuna shairi la barua: kijana yuko gerezani Brixton, anamwandikia mama yake kumweleza yeye na mdogo wake walivyofika pale. Wakati huo polisi wa Uingereza walikuwa wakiwakamata vijana weusi kwa kuwashuku tu, wakitumia kifungu cha sheria ya mwaka 1824, kilichokuja kufutwa mwaka 1981. Barua inaanza pole, kwa heshima, kama mtoto yeyote anavyomwandikia mama: natumaini barua hii itakukuta mzima. Mwendo ni mrefu, umetulia. Ikifika kwenye kipigo, mistari inafupishwa ghafla, kitenzi baada ya kitenzi, kimoja kwa pigo. Kisha inarudi kwenye utulivu wa barua. Mwendo unabadilika kwa sababu habari imebadilika, na muziki unaufuata. Shairi lako nalo ni la mama. Jiulize: mama anapowasha jiko na mama anapokohoa, ni mwendo mmoja? Kwenye rekodi yenu ni mmoja, mwanzo hadi mwisho, kama mashine ya kusaga.

Na jambo la mwisho kuhusu huyu mzee. Mwaka 1996 alitoa albamu ya sauti tupu, bila chombo chochote, mbele ya hadhira. Baada ya miaka yote ya bendi, mashairi yalisimama bila kuegemea. Mimi hutumia kipimo hicho kwa wanafunzi wangu: kila baada ya kurekodi na muziki, mtu huzima muziki na kughani palepale. Kama shairi limekuwa dhaifu kuliko lilivyokuwa, kolabo imekula shairi. Kama limepata kitu, hata kimya kimoja ambacho hakikuwepo, basi kolabo imefanya kazi.

Usidhani haya ni ya huko London tu. Kwetu mtunzi na mwimbaji kukutana ni jambo la zamani kuliko studio. Taarabu imejengwa hivyo: mmoja anatunga, mwingine anatia muziki, mwingine anaimba, na mshairi anaweza asionekane kabisa jukwaani. Haji Gora Haji, mzaliwa wa kisiwa cha Tumbatu, Zanzibar, mwaka 1933, alikuwa mshairi wa kitabuni na pia mtunzi wa maneno ya taarabu, na hakuna aliyemwambia achague. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda kurekodi Bombay, alikwenda na wapiga vyombo waliomzoea. Prodyuza wako amekujua kwa saa ngapi?

Wa karibu zaidi ni Mrisho Mpoto, ambaye bila shaka umeshamwona akiwa peku jukwaani. Watu humwiga sauti ile nzito wakadhani ndiyo siri. Yeye alitoka kwenye sanaa za maonyesho, akilelewa na kundi la maigizo la Parapanda, na ndiyo maana hata kwenye wimbo anabaki msimuliaji. Msikilize tena kwenye Nikipata Nauli. Haimbi. Anayeimba ni Banana Zorro, kwenye kiitikio, na Mpoto anabaki anaongea. Kila mmoja amekaa kwenye kiti chake. Prodyuza wako angekuwa amelitazama hilo kwa makini asingekuambia uchague kati ya kurap na kuondoka. Kuna mlango wa tatu, na umefunguliwa siku nyingi.

Na Nairobi, mshairi Sitawa Namwalie alipotengeneza onyesho la Cut Off My Tongue, alichukua mashairi yake kuhusu ardhi, ukabila na mapenzi akayagawa kwa sauti za watu kadhaa jukwaani, pamoja na muziki. Kwa hiyo mwenzako wa kolabo si lazima awe mtu wa kompyuta. Anaweza kuwa mghani mwingine anayesoma sehemu ya mama.

Nikuambie kidogo ya kwangu, maana nami sikuzaliwa mwalimu. Miaka ya mwanzo nilifanya kolabo na studio moja ya Dar, sitaitaja. Shairi la dakika tano wakalikata likawa tatu, kiitikio wakatia wao, jina langu likaandikwa la pili. Nikasema sawa, nataka kusikika. Hatukuandikiana chochote. Mwaka uliofuata nimekaa kwa kinyozi, nasikia sauti yangu kwenye tangazo la biashara, mistari miwili, ikisifia kitu ambacho shairi lilikuwa linakilaani. Kinyozi akaniambia, "Kaka, kichwa kisitikisike." Sikupata senti, na sikuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu yeyote.

Aliyenirudisha kwenye kazi ni mzee mmoja mpiga zeze. Nilimwendea na shairi langu, nikamwambia nataka ulipigie. Akasema, soma. Nikasoma. Akasema, soma tena. Mara ya tatu nilikuwa nimeudhika. Zeze lilikuwa limelala mapajani, hajaligusa. Mara ya nne akapiga noti moja tu, pale nilipovuta pumzi. Sehemu nyingine zote akaniacha peke yangu. Kumbe alikuwa anahesabu pumzi zangu. Kuanzia siku hiyo, mtu akiniambia ana biti kali nzuri kwangu, humwuliza kwanza kama amenisikia nikisoma.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kurudi studio. Jirekodi kwa simu ukighani beti hiyo bila muziki, usiku, kama unavyoghani jukwaani. Mpelekee prodyuza sauti hiyo tupu, umwambie ajenge biti juu yake na si kinyume. Aanze na besi peke yake, au ngoma moja. Visahani viingie mwisho kama vina sababu ya kuingia. Kwenye mstari wa tatu, baada ya "kikohozi chake", aache baa nzima tupu. Atakataa, watu wa biti huogopa kimya kama watu wa redio. Mwombe ajaribu mara moja. Akikataa hata kujaribu, basi ni fundi mzuri wa watu wengine.

Mnaporudi, andikianeni kwanza. Karatasi moja inatosha: maneno ni ya nani, muziki ni wa nani, mapato mnagawanaje, na hakuna kuuza kipande kwa tangazo bila ridhaa ya wote wawili. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, shairi lako ni mali yako tangu ulipolitunga, linalindwa uhai wako wote na miaka 50 baada yako, hata kama hujalisajili popote. Lakini kujisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakurahisishia ushahidi, kwa hiyo usilale. Kama ungekuwa upande wa Kenya ningekuambia uanzie KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko.

Kuhusu kula: marafiki zako hawajakosea sana. Wimbo unazunguka, shairi tupu halizunguki kirahisi. Ila wimbo unaozunguka ukiwa hauna neno lako la maana unamtangaza prodyuza zaidi kuliko unavyokutangaza wewe. Jukwaa la maiki ndilo linalokupa mialiko ya shule, ya mashirika, ya harusi hata. Usiliache kwa ahadi.

Dar, mimi nisingehama sasa. Uko Morogoro, mdogo wangu! Huo ni mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Waliopiga na kizazi kile, au waliofundishwa nao, baadhi bado wapo mitaani, gitaa limening'inia ukutani na nyuzi mbili zimekatika. Uliza kwa mafundi wa redio wa zamani, uliza kwenye bendi za harusi. Mpelekee mmoja wao beti ya jiko, umnunulie na nyuzi hizo mbili. Umsomee kwanza. Akikuambia usome tena, soma.